Kabla hujapanga wikendi yako Dar, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi

#1 Mtoto wa Msasani (mleta uzi)

Habari za Alhamisi, wanajamvi.

Kila wiki ikifika siku kama ya leo maswali huwa yaleyale. "Wakuu, Jumamosi niwapeleke wapi watoto?" "Nina wageni kutoka bara, wanataka kuiona bahari." Majibu nayo yaleyale: nenda Coco, nenda Mbudya, vuka Kigamboni, nenda Kunduchi. Hakuna anayekosea hapo. Ila sijaona mtu akimuuliza mwenzake swali ambalo baba yangu, mvuvi wa Msasani, hakutoka nyumbani hata siku moja bila kuliuliza: maji yanajaa saa ngapi?

Mwaka jana mjomba wangu alishuka Dar na treni ya SGR kutoka Dodoma, Ijumaa usiku, na watoto wake watatu. Hakuna kati yao aliyewahi kuiona bahari. Yule mdogo, wa miaka sita, alikuwa amenunuliwa boya la plastiki lenye umbo la bata, akalipuliza lote usiku uleule na kulala nalo.

Saa 4 asubuhi tukawa ufukweni. Nilijua nimekosea kabla sijalipa bajaji, maana harufu ya mwani ilitupokea barabarani. Maji yalikuwa yametoka mpaka kule kwenye mwamba. Mbele yetu kulikuwa na tope, mawe, majani ya bahari yaliyolala upande mmoja kama nywele, na vidimbwi vya maji ya moto. Mjomba akasimama mikono kiunoni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mwanangu, bahari yenyewe ni ipi?"

Tukajikaza. Watoto wakaingia kwenye mawe. Wa kati akakanyaga yule mdudu wa bahari mwenye miiba mirefu myeusi, miiba mitatu ikakatikia kwenye unyayo. Mama mmoja muuza mihogo, Mungu ambariki, alitutafutia papai bichi, tukampaka utomvu wake mtoto akilia. Saa 8 tukarudi nyumbani, hakuna aliyesema neno ndani ya bajaji.

Saa 10 jioni nilirudi palepale peke yangu kufuata kandambili walizosahau. Maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na miguu ya mivinje, ya kijani, yametulia, na watoto wa watu wamejaa humo wanapiga kelele. Jumapili alfajiri mjomba akarudi kwao kazini. Lile boya waliliacha kwangu. Halikugusa maji.

Siku ile ilikuwa ya pili tangu mwezi uandame. Mtu yeyote aliyelelewa pwani angejua kwamba saa 4 asubuhi hakutakuwa na bahari. Na mimi nimelelewa pwani. Nilikuwa nimesahau tu, kwa sababu miaka hii napanga wikendi kwa matangazo ya kwenye simu kama kila mtu. Ndiyo maana naandika. Sitaki mtu mwingine amtoe mgeni wake mbali hivyo aje kumwonesha tope.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kidogo, na kila siku inachelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, yaani siku kama ya 1 hadi ya 3 na ya 14 hadi ya 17 za mwezi wa Kiislamu, tuna bamvua. Siku hizo hapa Dar maji hujaa kuelekea saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na hutoka kabisa kuelekea saa 4 au 5, asubuhi na usiku. Yakitoka yanatoka kwelikweli: kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Katikati ya mwezi na mwezi, siku ya 7 hadi ya 9 na ya 21 hadi ya 23, ni maji mafu. Hapo mambo yanageuka. Maji hujaa asubuhi kama saa 3 au 4, hupwa jioni, lakini tofauti ni ndogo, mara nyingine mita moja na ushee tu. Bahari haiendi mbali.

Ukishika hilo, huhitaji kukariri kitu kingine. Neno pwani lenyewe limetokana na kupwa. Wazee walipaita mahali hapa kwa jina la maji yanapoondoka.

Sasa tuje kwenye wikendi. Ikiangukia bamvua, asubuhi usiende kuogelea. Nenda pwani kutazama. Mimi nawaambia watu waende Msasani au Kunduchi kwa wavuvi, saa 3 hivi, wavae viatu vya kufunga. Bamvua likijaa ndipo vyombo husogezwa juu, na maji yakitoka vinabaki vimekaa mchangani, basi mafundi huvishughulikia. Utamkuta fundi amechuchumaa chini ya mashua, anasokomeza pamba kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, tak tak tak, kisha anapaka mafuta ya sifa juu yake. Huko ndiko kukalafati. Sifa ni mafuta ya ini la papa, na harufu yake hutaisahau. Wanangu hukaa hapo saa nzima bila kuomba simu. Kwenye mwamba utawaona akina mama na vijana wakitafuta pweza, wameinama, fimbo mkononi, wanachungulia kila tundu. Ukiwasalimu vizuri watakuonesha pweza anavyolipanga lango lake kwa vijiwe na makombe. Mtu akishaoneshwa mara moja, anaanza kuyaona mwenyewe.

Ukiwa Kunduchi tembea mpaka kwenye magofu. Kuna mabaki ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo ambazo zilipachikwa sahani na bakuli za Kichina. Nyingi zimebaki matundu ya duara kwenye chokaa. Weka kidole kwenye tundu moja uone walivyolichonga kwa kipimo cha sahani.

Halafu saa 9 alasiri ndiyo uende Coco au ufukwe wowote wa kuogelea. Maji yatakuwa yanaingia, na yanayoingia ni salama kuliko yanayotoka. Mihogo ya kukaanga ya Coco na pilipili yake haina saa maalumu.

Ikiangukia maji mafu, fanya kinyume. Hiyo ndiyo wikendi ya visiwani. Mbudya na Bongoyo zinataka uondoke asubuhi, ukute maji yamejaa, mkondo hauna nguvu, na maji ni maangavu kwa sababu hayachafuliwi na kutoka na kuingia kwingi. Boti za Bongoyo huondokea Slipway, Masaki. Za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi na Mbezi Beach. Visiwa hivi viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio cha hifadhi nje ya nauli ya boti. Ulizia bei zote mbili kabla hujakanyaga boti, na uombe risiti ya kiingilio.

Wikendi hii, Jumamosi ni siku ya 8 ya mwezi. Maji mafu. Jumamosi ijayo ni siku ya 15, bamvua. Pangeni.

#2 Mgeni Jijini

Mkuu, uzi huu nimeusoma mara mbili na mke wangu akausoma. Sisi tumehamia kutoka Mwanza mwezi wa pili sasa. Kwetu ziwa liko palepale asubuhi na jioni, sikujua kwamba maji ya huku yanaondoka hivyo. Mara ya kwanza tulipoenda ufukweni nilidhani kuna tatizo.

Nina maswali mawili. Kwanza, mimi si Muislamu, nitajuaje mwezi ni wa siku ya ngapi? Pili, wikendi hii nipo kazini, nafasi yangu ni Jumamosi ijayo, hiyo ya bamvua. Nina watoto wawili, miaka 4 na 9, na sina gari. Bajeti elfu hamsini kwa siku nzima. Inawezekana?

#3 Mama Samaki

Mleta uzi umesema kweli, lakini umeacha soko. Nami nipo Feri tangu lile soko jipya lilipofunguliwa 2002, nakaanga na kuuza, kwa hiyo niruhusuni nichangie.

Wikendi ya mtu wa Dar isipopita Feri haijakamilika. Njoo asubuhi, saa 12 na nusu ukichelewa sana saa 2, uone mnada. Samaki wanamwagwa mezani kwa mafungu, dalali anataja bei, na usipokuwa makini ukiinua mkono kujikuna umeshanunua jodari. Mgeni asinunue kwenye mnada siku ya kwanza. Asimame pembeni atazame, kisha aende kwa wachuuzi akachague changu wawili au kibua, ampe kijana wa kupara, amletee mkaangaji. Unakula moto na ndimu na pilipili, mezani unaangalia vyombo vikiingia.

Na hapa pia mwezi ndio unaoamua. Dagaa na vibua wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haina maana, samaki hawakusanyiki, wavuvi wengi wa taa wanapumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo wiki ijayo mbalamwezi, msishangae bei ya dagaa. Wateja wanatugombeza kila mwezi, wanadhani tumeamua wenyewe. Lakini pweza wiki ya bamvua wapo, kwa sababu maji yanatoka mbali na watafutaji wanafika mwambani. Kunyweni supu ya pweza wiki hiyo, dagaa waacheni mpaka giza lirudi.

Neno moja kwa akina dada: vaeni viatu visivyoteleza na msije na gauni refu. Sakafu ya mnada imelowa muda wote.

#4 Mtoto wa Msasani (mleta uzi)

Mama Samaki, shikamoo na ahsante. Hilo la giza na mbalamwezi lilikuwa la kuanza nalo.

Mgeni Jijini, karibu sana Dar. Mwezi uko juu ya kila mtu, ndugu yangu. Toka nje usiku. Ukiona kijimwezi chembamba magharibi jua linapozama, hizo ni siku za kwanza, bamvua. Ukiona mwezi wa nusu upo utosini jua likizama, hayo ni maji mafu. Ukiona mwezi mzima unachomoza mashariki wakati jua linazama magharibi, bamvua tena. Basi. Ukitaka saa na dakika, Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji la mwaka mzima, na ziko programu za simu zinazoonesha hivyohivyo. Soma namba mbili: saa, na kimo cha maji. Ukiona 0.3 maana yake mwamba wote uko nje. Ukiona 3.6 maana yake mchanga wote umefunikwa. Na kuhusu upepo na mawimbi, sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanataja mpaka kimo cha mawimbi.

Elfu hamsini inatosha kama huendi kisiwani. Mimi ningefanya hivi: asubuhi msihangaike na bahari. Anzeni Kijiji cha Makumbusho, pale kituo cha daladala cha Makumbusho, watoto waingie kwenye nyumba za asili za makabila. Ipo na nyumba ya Wasukuma, mtajisikia nyumbani. Mle mchana hapohapo Kijitonyama kwa mama ntilie, pumzikeni kivulini. Saa 9 mchukue bajaji mpaka Coco. Maji yatakuwa yanaingia. Mpaka saa 11 mtoto wa miaka minne anacheza ukingoni na wewe umekaa naye hapohapo, si kwenye kiti. Narudia hilo la kukaa naye.

#5 Mkazi wa Ilala

Naheshimu uzi, ila Dar si maji matupu. Kuna watu tumezaliwa Ilala, bahari tunaiona tukienda kuvuka pantoni tu, na wikendi zetu zimenoga miaka yote.

Jumamosi mchana kaa kijiwe cha kahawa, kahawa chungu na kashata, bao linachezwa, unasikia habari zote za mji. Siku ya Simba na Yanga sahau mipango yote ya kwenda upande wa Temeke, Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000 na wote wanapita barabara hizohizo. Kama huna tiketi, tafuta banda lenye televisheni kubwa mtaani mapema, saa 8 viti vimeisha.

Jumapili asubuhi ni ya ibada, mchana ni ya familia, jioni ni ya dansi. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978. Bendi mbili hizo zimelea ndoa za mji huu. Baba yangu alimpata mama kwenye dansi, na mpaka leo wakisikia gitaa la solo linapanda wanaangaliana. Vijana nendeni. Msiende kurekodi, nendeni mkacheze. Ulizieni mtaani wiki hiyo wanapiga wapi, kumbi hubadilika. Fika saa 2 usiku, kaa karibu na wapiga tarumbeta, utasikia kitu ambacho spika ya simu haiwezi kukupa.

#6 Mtoto wa Msasani (mleta uzi)

Mkazi wa Ilala, sina cha kupinga. Kwenye dansi nakubali mia kwa mia. Wazee wengi wa bendi zile wametangulia mbele ya haki, na kila wikendi tunayobaki nyumbani tunapoteza nafasi ya kuwasikia waliobaki.

Niongeze kimoja cha mchana kwa siku ya mvua: Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959 linahifadhiwa hapo. Watoto wanaliona kwenye vitabu vya shule, na wengi hawajui kwamba mji wao ndio unaolitunza.

#7 Nahodha wa Kunduchi

Naendesha boti kupeleka watu Mbudya, mwaka wa kumi na moja huu. Nimefurahi kuona mtu anaeleza maji, maana abiria wakifika saa 5 asubuhi siku ya bamvua wanatukasirikia kwamba boti iko mbali na tunawatembeza kwenye maji ya magoti. Hatufanyi makusudi. Chombo hakielei mchangani.

Nina manne, myashike. La kwanza, jaketi la kuelea. Usikubali kuambiwa "ni karibu tu". Ni kweli safari ni ya dakika chache, lakini kina kiko palepale. Kila mtu avae, na mtoto avae la kipimo chake, si la mtu mzima lililofungwa kamba. Boti isiyo nayo, shuka. Kuna nahodha mmoja tulikuwa tunafanya kazi ufukwe mmoja, alipakia watu kupita kiasi siku ya sikukuu, wimbi likaingia nyuma. Tuliwatoa wote wakiwa hai, lakini yule mama aliyekuwa na kichanga sijawahi kusahau sauti yake.

La pili, kusi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo unatoka kusini na unakaza mchana. Asubuhi utaona bahari imelala, ukajiaminisha, saa 9 ikaamka. Miezi hiyo nenda mapema na urudi mapema, saa 8 uwe umeshapanda boti ya kurudi. Oktoba na Novemba, kusi limekwisha na kaskazi halijaanza, ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Maji yanakuwa kama kioo.

La tatu, mnapoweka agizo la chakula kisiwani fanyeni mara tu mnapofika. Samaki anachomwa kwa mkaa, kukiwa na watu wengi ni kusubiri saa nzima na zaidi. Wanaoagiza saa 8 ndio wanaochelewa boti.

La nne, msichukue makombe wala matumbawe. Ni eneo tengefu na ni kosa. Zaidi ya hapo, yale makombe yana wenyewe. Kaa duma anakaa humo, akikosa nyumba analiwa.

#8 Mkaazi wa Upanga

Naomba niweke tahadhari moja ambayo haijasemwa. Mto Msimbazi unamwaga maji yake baharini pale Salenda. Ukipita Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 siku moja baada ya mvua kubwa, tazama chini: utaona mstari, upande mmoja maji ya udongo na taka, upande mwingine bahari. Msimu wa masika msiogeleshe watoto karibu na eneo lile hata kama juu jua linawaka. Ipeni bahari siku tatu nne ijisafishe, au nendeni mbali, Kigamboni.

Kwa kutembea asubuhi, mwendo kutoka Barabara ya Barack Obama mpaka ng'ambo ya daraja ni mzuri sana. Mimi hutoka saa 12. Siku za bamvua kama hizi za Jumamosi ijayo, saa hiyo maji yameshaanza kutoka; ukitaka kuyaona yakiwa juu kabisa, yanapiga ukuta, uwahi saa 10 au 11 alfajiri.

#9 Dada wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nimecheka kwa furaha kusoma hesabu hiyo, maana marehemu nyanya yangu alikuwa akihesabu vivyo hivyo, na saa za kujaa na kupwa za huku kwetu zinakaribiana sana na zenu. Siku za bamvua, ufuo wa Jomo Kenyatta pale Bamburi asubuhi ni mchanga mtupu mpaka mbali, watu wanacheza kandanda. Jioni pale palipokuwa goli mtu anaogelea.

Ila sisi maji yakitoka tunahamia Mama Ngina. Unakaa ukingoni, viazi karai, mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa ikatiwa ndimu na pilipili, madafu, na meli kubwa zinaingia Kilindini mbele ya macho yako karibu kiasi cha kuwapungia mkono mabaharia. Mgeni wa Dar akija nitampeleka huko kwanza, Fort Jesus baadaye, nayo ile iko tangu 1593, haitakimbia.

#10 Mgeni Jijini

Wakuu, leo ni Jumapili, nimerudi kutoa taarifa kama nilivyoahidi moyoni.

Jana tulifuata mpango. Kijiji cha Makumbusho saa 4. Mwanangu mkubwa alisimama kwenye nyumba ya Kisukuma akamweleza mgeni mwingine asiyemjua kwamba bibi yake alizaliwa kwenye nyumba kama hiyo, jambo ambalo mimi sikujua kama analijua. Mchana wali samaki. Mke wangu alikuwa amepita Feri alfajiri na jirani. Dagaa kweli bei juu, akarudi na pweza, kama Mama Samaki alivyosema.

Saa 9 na robo tulikuwa Coco. Nilikaa na kuangalia saa yangu na jiwe moja jeusi lenye umbo la meza. Tulipofika lilikuwa nje nusu. Saa 9 na dakika 40 lilikuwa limebaki kichwa. Kabla ya saa 10 sikuliona tena. Nilimuita mke wangu aje kuona jiwe linavyozama, akaniambia ameliona muda mrefu, naye alikuwa analihesabu.

Mdogo aliingia maji ya kifundo cha mguu nikiwa nimemshika mkono. Wimbi likampiga mdomoni. Akalamba, akanitazama, akaniuliza: "Baba, nani ametia chumvi?" Akainama kulamba tena kuhakikisha.

Tulitumia elfu arobaini na moja, bajaji zote ndani. Mtoto wa Msasani, sikujui kwa sura lakini nakushukuru. Mwezi wa nane mama mkwe anakuja kutoka Magu, ana miaka sabini na moja, miguu inamsumbua. Anataka kukanyaga bahari kabla hajaondoka. Nichague siku gani?

#11 Mtoto wa Msasani (mleta uzi)

Ndugu yangu, hiyo ya chumvi nimemsomea mke wangu hapa.

Mama mkwe mchagulie maji mafu, siku ya 7 au ya 8 ya mwezi, saa 3 asubuhi. Mwezi wa nane ni kusi, kwa hiyo asubuhi ndiyo salama. Maji yatakuwa karibu na hayatamvuta, hatalazimika kutembea mbali kwenye mchanga laini. Nendeni ufukwe wenye mteremko mdogo, upande wa Kunduchi. Beba kiti cha plastiki ukiweke pale maji yanapofika na kurudi, akae, miguu iwe ndani. Usimharakishe.

Mimi nimempigia mjomba wa Dodoma jana usiku. Watoto wakifunga shule wanakuja tena. Nimeshahesabu, Jumamosi yao inaangukia siku ya 16, nimemwambia asubuhi tutakuwa Kunduchi kwa mafundi wa mashua na hakuna atakayevua viatu mpaka saa 9. Boya nimelishusha kabatini, nimelipuliza, halivuji.